Shilingi ya kumi na jiwe la Ivuna



Karibu kila ukoo una mtu anayekusanya vitu. Mtoto ana vizibo vya soda. Babu ana hela za Mjerumani na senti zenye tundu za enzi za Mwingereza, zimelala ndani ya kopo. Mama ana vikombe vya maua ambavyo haviguswi mpaka aje mgeni. Mtu wa namna hii ukimuuliza ana vingapi, sikiliza jibu lake. Mara nyingi hatakuhesabia alivyo navyo, atakutajia ambacho hana. “Imebaki moja tu,” atasema, na macho yake yatabadilika.

Leo tuitafakari hiyo moja. Tutaanzia mbali kidogo, Marekani, halafu turudi nyumbani, Ivuna, wilayani Momba, kule bondeni karibu na Ziwa Rukwa.

Wamarekani wana mchezo wao wa besiboli, na kwa zaidi ya miaka mia moja wamekuwa wakikusanya kadi ndogo zenye picha za wachezaji. Siku hizi kadi ya zamani hupelekwa kwa kampuni ya wakaguzi, mojawapo inaitwa PSA. Hukaguliwa pembe, rangi na mikunjo, hupewa alama kuanzia 1 hadi 10, kisha hufungwa ndani ya kasha gumu la plastiki. Kwa sehemu kubwa alama hiyo ndiyo bei. Kadi ya mchezaji Honus Wagner, iliyochapishwa kati ya 1909 na 1911, ni adimu kiasi kwamba mwaka 2022 moja iliuzwa dola milioni 7.25, na alama yake ilikuwa 2 tu.

Sasa yupo mtu mwenye mshahara wa kawaida ambaye naye anataka seti ya zamani. Anafanyaje? Hakimbilii zenye alama 9. Anachukua za 3 na 4, ambazo pembe zake zimelika na katikati pana mkunjo wa mtoto aliyeitia mfukoni miaka themanini iliyopita. Mchezaji ni yuleyule, jina ni lilelile. Ananunua kidogo kidogo, anabadilishana na wenzake zile alizo nazo mbilimbili, na zilizo ghali anaziacha za mwisho. Binafsi naiheshimu busara hiyo. Ni ya mama anayenunua mabati mawili kila baada ya mavuno mpaka nyumba inaezekwa.

Ndivyo wafanyavyo pia wakusanyaji wa vimondo, na hapa ndipo Ivuna inapoingia.

Watu wa Songwe hawahitaji kufundishwa kimondo ni nini. Kimondo cha Mbozi kipo palepale, kipande cha chuma chenye urefu wa kama mita 3, uzito wake unakadiriwa kuzidi tani 10. Wanafunzi hupelekwa kukitazama, na wageni hupiga nacho picha. Hakuna wa kukitia mfukoni. Lakini wakusanyaji wa vimondo duniani hawatafuti kikubwa, wanatafuta aina. Wana kisanduku chenye vyumba vidogo: chumba cha kimondo cha chuma, cha mawe, cha mchanganyiko wa chuma na mawe, cha jiwe lililorushwa kutoka mwezini, cha lililotoka sayari ya Mirihi.

Vyumba vingi hujazwa kwa fedha ya kawaida. Vimondo vya mawe vya aina iliyozoeleka ndivyo vinavyoanguka kwa wingi kuliko vyote, na jangwa la Sahara limetoa maelfu. Vya chuma vipo vya Campo del Cielo kule Argentina, na vya Sikhote-Alin vilivyoanguka Urusi Februari 1947. Mwenye kipato kidogo hununua kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, ila hanunui bila maelezo ya kimetoka wapi na kimepita mikononi mwa nani. Jiwe jeusi lolote laweza kuitwa kimondo na mtu mwenye njaa ya fedha.

Kisha anafika kwenye chumba kimoja na hapo anakwama. Ni chumba cha kundi linaloitwa CI. Hiyo herufi ya pili, I, ni Ivuna.

Tarehe 16 Desemba 1938, jioni, jiwe lilianguka Ivuna. Kilichookotwa chote kilikuwa kama gramu 705, haifiki robo tatu ya kilo ya sukari. Vimondo vya kundi hilo vinavyojulikana kuwa vilionekana vikianguka ni vitano tu: Alais mwaka 1806 na Orgueil mwaka 1864, vyote vya Ufaransa, Tonk wa India mwaka 1911, huu wetu wa 1938, na Revelstoke wa Kanada mwaka 1965, ambao uliookotwa ni kama gramu moja. Kwa hiyo Ivuna huuzwa kwa vipande vidogo mno, vinavyopimwa kwa miligramu, ndani ya kichupa. Mtu aliyejaza kisanduku chake kwa miaka kumi hujikuta akitafakari kutoa fedha nyingi kwa ajili ya vumbi.

Na ukiliona jiwe lenyewe utashangaa. Ni jeusi, laini, linasagika kama mkaa mbaya, na mawe ya kundi lake yakitiwa majini humomonyoka. Lingekuwa kadi, wale wakaguzi wa Marekani wangelirudisha bila alama. Thamani yake ipo kwingine. Wanasayansi wakipima elementi zilizomo, wakiziacha kando gesi kama haidrojeni na heliamu, wanakuta uwiano wake unalingana na wa jua lenyewe. Ni udongo wa siku za mwanzo, ambao haukuyeyushwa wala kuchujwa.

Nalo limepewa namba yake, nayo ni 1. Vimondo vya mawe vya jamii hii hupangwa kwa namba kuanzia 1 hadi 6, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu namba hizi hazifanani na za kadi. Namba 1 na 2 zina maana kwamba maji yalipita ndani ya jiwe, huko huko lilikotoka, yakalibadili. Namba 3 ni lile lililobadilika kidogo. Kuanzia 4 hadi 6 ni joto, na joto linazidi kadiri namba inavyopanda. Sita si bora kuliko moja. Namba haisemi jiwe ni zuri kiasi gani, inasema limepita wapi.

Isaya, sura ya 43, anawaletea watu wa Mungu ahadi ya kuwa na Bwana wanapopita katika maji na wanapopita katika moto. Haahidi kwamba hawatapita. Sisi makanisani tumezoea alama za kadi. Huyu ndoa yake ina mkunjo, yule pembe zimelika kwa pombe, mpe 3, akae nyuma. Ningependa tujifunze kuulizana kwa namna ya mawe: ndugu huyu amepita maji gani? Dada huyu amepita moto gani?

Niseme neno kuhusu utunzaji, maana lina ucheshi wake. Mwaka 2008 jumba la makumbusho ya historia ya asili la London lilipata kipande kikubwa cha jiwe la Ivuna, na hukitunza ndani ya gesi ya naitrojeni ili hewa ya kawaida isikiguse. Sababu ipo. Ndani ya kile kimondo cha Orgueil kulikuwa na mishipa myeupe ya chumvi, na kwa muda mrefu wataalamu waliamini imetoka nayo angani. Mwaka 2001 watafiti wawili wakaonyesha kwamba mishipa ile ilitokea hapa duniani, jiwe likiwa limewekwa salama kabatini, kwa unyevu wa hewa tu. Jiwe lililokaa angani miaka isiyohesabika lilibadilishwa na kabati! Katika Mathayo 6 Bwana Yesu anataja nondo, kutu na wezi wanaoharibu hazina za duniani. Unyevu wa makumbusho tunaweza kuuongeza wenyewe.

(Watu wa Ivuna watatabasamu kusikia habari ya chumvi. Chumvi ya chemchemi za Ivuna imechemshwa kwa karne nyingi, na katika miaka ya 1960 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba pale wakaifuatilia kazi hiyo ya mababu.)

Lipo jambo jingine linalonigusa zaidi. Desemba 2014 Wajapani walirusha chombo kiitwacho Hayabusa2 kwenda kwenye kijisayari Ryugu. Kilirudi Desemba 2020 na gramu 5.4 za udongo, kama kijiko kimoja cha chai. Miaka sita, fedha nyingi, akili za mamia ya watu. Walipoupima, wakakuta ndugu wa karibu wa udongo huo hapa duniani ni kundi lile lenye jina la Ivuna. Kile walichokifuata mbali namna hiyo, Ivuna ilishushiwa zaidi ya mara mia moja yake, jioni moja, bila kuomba na bila kulipa. Mkristo anayetafuta mfano wa neema, jirani yangu wa Momba, asiende mbali.

Sasa turudi kwenye ile moja iliyobaki. Biblia ina wakusanyaji wawili, na nimesikia mara nyingi wakihubiriwa kana kwamba wanasema jambo moja. Hawasemi.

Wa kwanza ni mama wa Luka 15. Ana shilingi kumi, moja imepotea. Tisa anazo mkononi, na tisa si haba. Lakini hazimtoshi. Anawasha taa, na mafuta yana gharama. Anafagia nyumba nzima. Akiipata anawaita majirani wafurahi naye, na mimi huwa nawaza kwamba chai ya majirani huenda ilimaliza shilingi yenyewe. Haidhuru. Kumi zimetimia.

Wa pili ni mfanyabiashara wa Mathayo 13. Anatafuta lulu nzuri. Anaipata moja ya thamani kubwa, anakwenda kuuza vyote alivyo navyo, anainunua. Hebu mtazame kwa jicho la mwenye kisanduku: jioni ile vyumba vyake vyote ni vitupu isipokuwa kimoja. Seti yake imevunjika. Naye hana majuto.

Kwa mama, tisa hazitoshi. Kwa mfanyabiashara, moja inatosha. Tofauti ipo kwa nani anatafuta na nini kinatafutwa. Katika Luka anayetafuta ni Mungu, na kinachotafutwa ni watu. Huko hesabu lazima itimie. Katika Mathayo anayetafuta ni mtu, na kinachotafutwa ni ufalme, na ufalme ukipatikana hesabu nyingine zote zaweza kubaki na tundu.

Shida yetu ni kwamba tumezigeuza hesabu hizi. Vitu tunavihesabu kama yule mama: kiwanja cha tatu hakitoshi mpaka cha nne, bodaboda mbili hazitoshi, bado moja tu, na kwa ajili ya hiyo moja tunakopa, tunafagia nyumba, tunawasha taa usiku kucha. Watu tunawahesabu kama mfanyabiashara: akiwepo mmoja mwenye sadaka nono, wengine wakiondoka hatuulizi.

Kwa mwenye kisanduku, basi, ushauri wangu ni mwepesi. Kusanya, si dhambi. Nunua za alama 3. Chumba cha Ivuna kiache wazi, weka humo kikaratasi chenye jina na tarehe, 16 Desemba 1938. Ada ya mtoto ikishalipwa, na ya mwaka kesho ikiwa imetengwa, ndipo tuzungumze habari za vumbi.

Kwa upande wa watu sina ushauri mwepesi. Benchi la vijana katika makanisa ya bondeni linajulikana. Wamepanda Tunduma. Wengine wanabadilisha fedha mpakani, wengine wanapakia na kupakua malori yanayovuka kwenda Nakonde, wengine walivuka nayo. Huku nyuma kwaya bado inaimba, na ukisikiliza haraka hutagundua kwamba upande wa sauti ya tatu umebaki na mtu mmoja. Kwenye taarifa ya mwaka tunaandika idadi ya waliopo, na idadi hiyo si mbaya.

Yule mama hakungoja shilingi ijitokeze. Aliinama, akafagia mpaka chini ya kitanda, mahali ambapo mgeni haonyeshwi. Leo ibada ikiisha, kabla hujatoka nje kusalimiana, litazame benchi lenu na uone ni nani hajakaa hapo tangu Pasaka. Usimsumbue katibu wa kanisa kwa namba yake ya simu. Mama yake anayo, na amekaa mistari miwili mbele yako.