Gia Ndiyo Inayoshika Gari Mteremkoni

Sisi wa Olmotonyi tunaishi ubavuni mwa Mlima Meru. Ukienda Ngaramtoni unateremka. Ukiendelea mpaka Arusha mjini, bado unateremka. Kwa hiyo habari ya gia inatuhusu sote, hata wasio na gari.

Zamani karibu magari yote yaliyofika huku yalikuwa ya gia za mkono. Siku hizi magari madogo mengi huletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na mengi ni ya otomatiki. Watu hubishana lipi ni bora. Wengine husema otomatiki haifai milimani. Hiyo si kweli. Mara nyingi kasoro ni dereva asiyejua kuitumia.

Gia ni nini? Mtazame mama anayeshuka mlimani na mzigo wa kuni. Hapigi hatua ndefu. Anapiga hatua fupi, ili mzigo usimsukume. Gia namba moja na namba mbili ndizo hatua fupi za gari. Ukiwa katika gia ndogo, injini yenyewe hulizuia gari lisikimbie.

Gari la gia za mkono lina pedeli tatu: klachi, breki na mafuta. Dereva hukanyaga klachi, kisha hubadili gia kwa mkono wa kushoto. Gari la otomatiki lina pedeli mbili tu. Halina klachi ya kukanyaga, na gia hujibadili zenyewe. Ni rahisi kwa mwanafunzi. Lakini betri ikifa, usiwasumbue vijana kulisukuma. Halitawaka.

Kwenye gari la otomatiki utaona herufi, nawe sasa unajua kusoma. P ni ya kuegesha. R ni ya kurudi nyuma. N ni fri. D ni ya mwendo wa kawaida. Chini yake mara nyingi kuna 2 na L. Hizo ndizo gia ndogo, na madereva wengi hawazigusi kabisa! Wanashuka mlima mrefu na D, huku mguu uko juu ya breki muda wote.

Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto. Zikizidi kupata moto hazishiki tena. Katika gari dogo, hata mafuta ya breki huweza kuchemka, na pedeli ikazama bila gari kusimama.

Tarehe 24 Februari 2024, katika barabara ya Namanga kuja Arusha, hapa hapa Ngaramtoni, lori liligonga magari mengine matatu. Watu 25 walikufa. Polisi walieleza kwamba breki za lori zilishindwa kufanya kazi. Breki huharibika kwa sababu nyingi, lakini zikiharibika mteremkoni hakuna nafasi ya kufikiri.

Basi, kabla ya kuanza kushuka, punguza mwendo, kisha weka gia ndogo. Gari la mkono liweke namba mbili, na mlima ukiwa mkali, namba moja. La otomatiki liweke 2 au L. Breki ikanyage kwa vipindi, kisha iachie ipoe. Usiweke fri ili kuokoa mafuta. Wala usizime injini, maana usukani utakuwa mzito na breki zitakuwa ngumu.

Na wewe abiria, ukisikia harufu ya kuungua mteremkoni, usinyamaze. Mwambie dereva asimame mahali salama. Wekeni mawe makubwa mbele ya magurudumu. Msimwage maji baridi juu ya breki, kwa sababu chuma chenye moto kikimwagiwa maji huweza kupasuka. Ngojeni mpaka zipoe zenyewe.