Mtoto Mwenye Pumu na Dawa ya Siku Njema

Kila mwaka, masika yakiisha na ukungu wa Juni ukishuka kutoka Magamba na kulala mabondeni hata saa nne ya asubuhi, kikohozi huanza kusikika katika nyumba nyingi za milima yetu ya Usambara. Kwa watoto walio wengi ni mafua tu, nayo hupita. Walakini wako watoto ambao usiku kifua chao hulia kama filimbi; huketi kitandani wameinua mabega wakitafuta pumzi, wala hawalali, wala mama zao hawalali. Hao ndio wenye pumu. Mwezi huu twapenda kusema nanyi, ndugu wasomaji, habari ya dawa zao: jinsi zitumiwavyo nyumbani, na zaidi jinsi ziachwavyo.

Kwanza tuondoe hofu moja. Pumu si kifua kikuu, wala haiambukizi. Mtoto mwenye pumu aweza kula sahani moja na ndugu zake na kulala nao kitanda kimoja. Ugonjwa wake ni huu: mirija ipitishayo pumzi kifuani imevimba kwa ndani, nayo ni myepesi kushtuka. Ikikutana na baridi ya alfajiri, au moshi wa kuni, au vumbi, au mafua, misuli yake hukaza, ute hujaa, na njia ya pumzi huwa nyembamba. Shambulio likipita, mtoto hurudi kucheza, nasi twasema amepona. Lakini ule uvimbe haukuondoka. Uko pale pale, kama kaa la moto chini ya majivu ya mafiga, lingojalo upepo tu.

Kwa sababu hiyo matabibu hutoa dawa za namna mbili, na hapo ndipo nyumba nyingi zinapopotea. Ya kwanza ni dawa ya kufungua, iitwayo salbutamoli. Hulegeza misuli katika dakika chache, na nguvu zake huisha baada ya saa nne hata sita. Ya pili ni dawa ya kuzuia, kama vile beklometasoni au budesonidi. Hii haifungui kifua kilichobanwa usiku huu. Kazi yake ni kupunguza uvimbe polepole, siku kwa siku, na faida yake huonekana baada ya siku kadhaa au majuma. Zote mbili huja katika kopo dogo la kuvuta, ambalo wengi huliita pampu, na kwa kuwa zafanana, watu huzichanganya. Rangi yaweza kusaidia, maana ile ya kufungua mara nyingi ni ya buluu, lakini watengenezaji hawafuati desturi moja. Yafaa kumwomba mtoa dawa aandike juu ya kila kopo kwa kalamu: "ya kila siku", "ya shambulio".

Sasa tazameni mambo yaendavyo. Mtoto amepewa dawa ya kuzuia, ameitumia majuma matatu, usingizi umerudi, naye apanda mlima kwenda shule bila kusimama njiani. Bibi asema, "Mjukuu wangu mzima huyu, dawa ya nini tena?" Baba naye ahesabu shilingi zake, aona kopo likiwekwa litafaa mwakani. Basi kopo latiwa juu ya kabati. Hakuna mwenye nia mbaya katika nyumba hiyo. Wamefanya kama tufanyavyo kwa maumivu ya kichwa, ambayo dawa yake huachwa kichwa kikitulia. Ila pumu haina desturi hiyo. Mtoto yu mzima kwa sababu ya dawa. Nayo ikiachwa, uvimbe hurudi bila kelele, wala hautambulikani hata usiku wa baridi utakapofika.

Jambo hili limepimwa kwa hesabu. Katika jimbo la Saskatchewan, nchi ya Kanada, watafiti walifuata habari za wagonjwa wa pumu wa miaka 5 hata 44, wakatangaza mwaka 2000 kwamba kwa kila kopo moja zaidi la dawa ya kuzuia ambalo mgonjwa alilitumia katika mwaka, vifo vya pumu vilipungua kwa asilimia 21. Tena walioiacha walikufa zaidi, katika miezi mitatu ya kwanza, kuliko walioendelea nayo. Neno la kifo ni zito kulitia katika karatasi isomwayo na watoto, lakini kulificha ni kuwadanganya wazazi. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka 2019 pumu iliua watu 455,000, na walio wengi ni wa nchi zenye kipato kidogo.

Nao wasiojulikana kuwa wagonjwa ni wengi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024, uliofanywa katika shule za miji ya nchi 6 za Afrika, Uganda na Malawi zikiwamo, uliwauliza watoto zaidi ya 20,000. Mmoja katika wanane hivi alikuwa na dalili za pumu. Na katika hao wenye dalili, ni mmoja tu katika watano aliyekwisha kuambiwa na tabibu kwamba ana pumu. Basi mwenye mtoto aliyepimwa, akaandikiwa dawa na kuipata, amekwisha kuvuka mto ambao wengi hawajaufikia. Ni huzuni akigeuka nyuma.

Iko hofu ya pampu yenyewe. Husemwa kwamba ni dawa ya walio karibu kufa, au kwamba kifua huizoea kama mlevi azoeavyo pombe. Asili yake ni nyingine kabisa. Mwaka 1955 huko Marekani binti wa miaka 13 mwenye pumu alikuwa amechoka na chombo cha kioo alichopulizia dawa kwa kubinya mpira. Akamwuliza baba yake kwa nini dawa yake isitiwe katika kopo la kupuliza, kama dawa ya nywele. Baba huyo, George Maison, alikuwa mkuu wa kampuni ya Riker yenye kutengeneza dawa. Akalishika neno la mtoto, na mwaka uliofuata makopo ya kwanza yakauzwa. Tena dawa ikivutwa huenda moja kwa moja kifuani, hata kipimo kidogo chatosha. Vidonge vya salbutamoli, ambavyo wengi huvipenda kwa kuwa ni rahisi kwa bei, hupita katika damu mwili mzima, huleta mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio.

Wengine husema dawa ya kuzuia yadumaza mtoto. Hapa tuseme kweli, maana neno hili si uzushi mtupu. Uchunguzi wa Marekani uliotangazwa mwaka 2012 uliwapima watu wazima ambao utotoni walivuta budesonidi kila siku kwa miaka kadhaa, ukaona wamepungukiwa na kimo cha sentimita 1.2. Ndiyo bei yake, takriban upana wa kidole. Mzazi aliyewahi kumshika mtoto akihangaika kutafuta pumzi atajua mwenyewe kama ni bei kubwa.

Katika kuvuta kwenyewe dawa nyingi hupotea. Mtoto hubonyeza, dawa hupiga ulimi na koo, kifuani haifiki. Kwa ajili hiyo kiko chombo cha kati, ambacho dawa hutua kwanza humo, ndipo mtoto aivute polepole. Cha dukani ni ghali, tena hakipatikani kila mahali. Lakini daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita yafanya kazi hiyo kwa watoto wenye shambulio sawa na chombo cha dukani. Kitako cha chupa hutobolewa tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, kwa waya uliopashwa moto, ili pampu ikae bila nafasi; na mtoto hutia kinywani mdomo wa chupa. Chupa huoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa, maana plastiki iliyosuguliwa huvuta dawa ikaganda ukutani mwake. Mtoto mchanga asiyeweza kushika chupa kwa midomo huhitaji kifuniko cha uso, nacho ni kazi ya hospitali. Hata kwa mkubwa, kabla ya kuitumia, chupa ionyeshwe kwa mwuguzi, iwe ni Bumbuli au Lushoto au zahanati iliyo karibu, na mtoto avute mbele yake.

Pampu hutikiswa, hubonyezwa mara moja, mtoto huvuta na kutoa pumzi polepole mara tano au sita. Hungojwa kidogo, hutikiswa tena, ndipo mpulizo wa pili. Wenye haraka hubonyeza mbili kwa pamoja, wakapoteza nusu. Baada ya dawa ya kuzuia asukutue kinywa na kutema, ili utando mweupe usiote ulimini. Kwa hiyo pampu hiyo ikae pamoja na mswaki, nayo itumiwe kabla ya mswaki. Hapo hakuna atakayeisahau.

Liko neno moja ambalo hata watu waliosoma hawalijui. Dawa ikiisha katika kopo, hewa ya kusukuma hubaki, na kopo huendelea kupuliza kama kawaida. Mtoto huvuta upepo mtupu, na mama asema, "Dawa imemshinda." Kulitikisa sikioni si kipimo, wala kulielesha majini. Ni kuhesabu. Makopo mengi yana mipulizo 200, na idadi imeandikwa ubavuni. Aliyeamriwa miwili asubuhi na miwili jioni hutumia minne kwa siku, basi siku 50 limekwisha. Siku kopo lifunguliwapo, hesabu siku 50 katika kalenda ya ukutani, utie alama. Tena tia alama nyingine juma moja nyuma yake, ndiyo siku ya kushuka kutafuta jingine. Na kama wako ndugu wawili wenye pumu, kopo moja wasigawane, maana hesabu yote itaharibika.

Ni nani wa kuhesabu? Si mtoto. Twaona mtoto wa miaka 8 akiambiwa, "Umevuta?" naye hujibu, "Nimevuta," maana wenzake wamngoja nje na mpira. Mtu mzima mmoja atajwe kwa jina, mama au bibi au dada mkubwa, naye aishike pampu kwa mkono wake na kutazama. Akisafiri, amkabidhi mwingine. Mtoto asipigwe kwa kukataa, kwa kuwa alie huku akivuta, dawa haiingii. Pampu ya shambulio ndiyo aende nayo shuleni, na mwalimu aambiwe mapema, maana watoto wengi huificha kwa aibu, wakachekwa kwa kuhema badala ya kuchekwa kwa dawa.

Kufukizwa chini ya blanketi kwa majani ya mkaratusi tungeshauri kuacha kwa watoto hawa: harufu kali yaweza kukibana kifua zaidi, na maji ya moto yameunguza wengi. Afadhali kitanda chake kihamishwe mbali na jiko la kuni.

Usiku wa shambulio, mwache aketi, mpe dawa ya kufungua kwa kipimo ambacho tabibu amekiandika. Na karatasi hiyo iombwe mapema, kabla haijahitajiwa. Kama hawezi kumaliza sentensi, kama nyama za katikati ya mbavu zaingia ndani kila avutapo, kama midomo na ulimi vyageuka rangi, au kama dawa haikumtuliza, ama imemtuliza kwa muda usiofika saa nne, msingoje kupambazuke. Amsheni jirani mwenye pikipiki au gari, njiani mkiendelea kumpa dawa kama ilivyoandikwa, na makopo yake yote mawili yachukuliwe, ili tabibu aone alikuwa akitumia nini.