Maili 96 kwa Mafungu, na Mama Watoto Asinune

Kila nikiingia maabara Jumatatu na matope kwenye viatu, wenzangu huniuliza: "Wewe una mke, watoto wawili, tasnifu haijaisha na boksi unabeba. Muda wa kuzurura milimani unaupata wapi?" Nimeona nijibu humu humu, maana najua wapo wanaotamani ila wanaogopa kesi nyumbani.

Ugonjwa wangu unaitwa West Highland Way. Ni njia ya waendao kwa miguu, maili 96 (kama kilomita 154), kutoka Milngavie, jirani na Glasgow, mpaka Fort William. Ilifunguliwa mwaka 1980. Wengi huimaliza kwa wiki moja hivi. Mimi wiki nzima naitoa wapi, na mke wangu anatunza wazee kwa zamu za usiku?

Kumbe si lazima uimalize kwa mkupuo. Reli ya Fort William inakutana na njia hii mahali kadhaa. Unashuka Crianlarich asubuhi, unatembea maili 13 kupitia Tyndrum, unapandia treni Bridge of Orchy, jioni uko nyumbani. Safari nyingine unaanzia ulipoishia. Haba na haba, hujaza kibaba.

Ila treni za huko ni chache kwa siku, na hapo ndipo nilipoumbuka. Jumamosi moja niliaga nikasema, "Saa kumi na moja jioni nipo." Mke wangu alikuwa na zamu ya saa moja. Nilipiga hesabu ya njia tambarare, nikasahau kupanda, nikasahau mvua. Nafika stesheni, treni ndiyo hiyo inaishia. Simu haina mtandao. Nikaingia nyumbani saa nne usiku, watoto wamelala, mama yao amekaa jikoni na sare yake ya kazi. Zamu imepotea, na malipo yake nayo.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba watoto, mlima sikukatazi. Usinidanganye saa."

Jamani, mimi ni mhandisi! Tangu siku hiyo natumia kanuni ya Naismith, Mskoti aliyeitoa mwaka 1892: saa 1 kwa kila maili 3, halafu ongeza saa 1 kwa kila futi 2,000 za kupanda. Tuseme maili 12 zenye kupanda futi 1,000. Maili zinakula saa 4, kupanda nusu saa, jumla saa 4 na nusu. Lakini Naismith hakuhesabu chai, picha wala soksi zilizolowa. Kwa hiyo mimi naongeza theluthi nzima, inakuwa saa 6. Hata daraja hatulijengi kwa mzigo ule ule tunaoutarajia, tunaacha nafasi.

Baada ya hapo naangalia treni. Ya kwanza nitakayowahi siitaji nyumbani. Naahidi ile inayofuata. Kama inayofuata inagongana na zamu yake, siendi, mambo yamekwisha. Na Desemba, jua la Glasgow likizama kabla ya saa kumi jioni, hesabu yenyewe huniambia nikae na watoto.

Jambo la mwisho ni deni. Siku yangu moja ya mlima nailipa kwa siku yake moja kamili: simu ya kazini haimsumbui, kupika juu yangu, watoto juu yangu. Tunaandika kwenye kalenda ya jikoni. Mwanzoni niliona kama adhabu. Siku hizi mwanangu mkubwa ndiye anayenikumbusha, "Baba, leo ya mama."

Kwa mwendo huo nimefika Bridge of Orchy baada ya miaka miwili. Zimebaki maili kama 36, na hizo ni ngumu: njia inavuka Rannoch Moor, inapanda Devil's Staircase kama mita 550 juu ya bahari, na stesheni hukutani nayo tena mpaka Fort William. Hapo ni kulala nje, siku tatu. Nimeshaomba. Jibu nililopewa ni, "Nilipe kwanza siku zangu mbili za mwezi uliopita."

Basi mkinikosa kwenye kikao kijacho, niko jikoni nalipa. Kila la heri masomoni.