Mbio Turkana: Hamu ikiisha, ni nini kinachokutoa kitandani?

KWA kijana anayefanya mazoezi ya mbio Lodwar au Kakuma, mpinzani wa kwanza ni jua. Saa tatu asubuhi mchanga umeanza kuchoma, na mchana joto hupita nyuzi 35. Huku hakuna baridi ya Iten wala makundi ya mabingwa wa kufuata alfajiri. Wiki ya kwanza unaamka na hamu tele. Wiki ya nne je?

Hapo ndipo wengi huachia. Lakini wapo waliotoka huku huku na hawakuachia, na hadithi yao ina funzo.

Mwaka 2015, bingwa wa zamani wa marathoni Tegla Loroupe na wakfu wake waliandaa mbio za mchujo katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Waliochaguliwa walihamia Ngong, karibu na Nairobi, kufanya mazoezi. Mwaka uliofuata watano kati yao, wote wazaliwa wa Sudan Kusini, walikuwa Rio de Janeiro katika timu ya kwanza kabisa ya wakimbizi kwenye Olimpiki: Rose Nathike Lokonyen, Anjelina Nadai Lohalith, Paulo Amotun Lokoro, James Nyang Chiengjiek na Yiech Pur Biel. Rose, ambaye kule Kakuma aliwahi kukimbia kilomita 10 miguu mitupu akamaliza wa pili, ndiye aliyebeba bendera.

Hadi hapo ni hadithi tamu. Sasa sikia ile ambayo haisimuliwi sana: huko Rio hakuna hata mmoja wao aliyevuka raundi ya kwanza. Lokoro alimaliza mita 1500 kwa dakika 4 na sekunde 3.96. Anjelina, katika mbio hizo hizo za wanawake, alitumia dakika 4 na sekunde 47.38. Kwa viwango vya Olimpiki, waliachwa mbali.

Wangeweza kusema, "Yametosha, tumeshafika Olimpiki." Badala yake walirudi mazoezini miaka mingine mitano. Kati ya hapo likaja janga la corona mwaka 2020. Olimpiki ikaahirishwa, kambi ya Ngong ikafungwa, na wanariadha wakarejea Kakuma kukimbia kwenye joto lile lile walilolikimbia utotoni.

Mwaka 2021 Lokoro alikuwa Tokyo. Muda wake: dakika 3 na sekunde 51.78. Anjelina: 4 na sekunde 31.65. Bado hawakuvuka raundi ya kwanza, lakini Lokoro alikuwa amepunguza sekunde 12 na Anjelina zaidi ya 15. Katika mita 1500, hiyo si kazi ya mwezi mmoja.

Ukipima mbio kwa medali pekee, utakata tamaa mapema, maana medali ni tatu tu na wakimbiaji ni maelfu. Ukijipima na muda wako wa jana, kila wiki ina ushindi wako. Kwa hivyo nunua daftari la bei ndogo. Andika umbali, muda na ulivyojisikia. Siku ambayo mwili unasema "leo hapana", fungua ukurasa wa mwezi uliopita uone ulikotoka.

La pili, usikimbie peke yako. Ukipatana na mwenzako mkutane saa kumi na moja na nusu alfajiri kando ya barabara, utaona aibu kumwacha akisubiri. Aibu hiyo itakuamsha siku ambayo hamu imelala.

La tatu, si kila siku ni ya kukimbia kwa nguvu zote. Siku nyingi ziwe za polepole, kiasi kwamba mnaweza kupiga stori mkikimbia. Wanaochoka wiki ya nne mara nyingi ni wale waliogeuza kila mazoezi kuwa mashindano. Weka siku ya kupumzika na ulale vya kutosha. Kunywa maji kabla ya kutoka. Ukihisi kizunguzungu au jasho limekatika ghafla, simama, tafuta kivuli na maji, na umwambie mwenzako. Kulazimisha hapo si ushujaa.

Na tusidanganyane: mbio hazimpi kila mtu tiketi ya ndege. Wengi watakaoamka kesho hawataona Olimpiki. Lakini mlango haukufungwa na wale watano. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Perina Lokure Nakang, msichana aliyekulia Kakuma, alikimbia mita 800 akiwa na timu ya wakimbizi. Naye Biel, ambaye hakurudi kukimbia Tokyo, alichaguliwa mwaka 2022 kuwa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Basi kesho usingoje hamu. Weka viatu mlangoni leo usiku, mpigie mwenzako simu, na mtoke kabla jua halijatoka.