Giza la Angani na Giza la Maneno

Huko Kinna, katika Kaunti ya Isiolo, usiku usio na mwezi nyota huonekana kwa wingi ambao mkazi wa Nairobi amekwisha kuusahau. Ndiko mwalimu mmoja wa fizikia alikonionyesha daftari la mwanafunzi wake wa kidato cha nne. Kijana alikuwa amejaza kurasa kumi na moja akidai kwamba maada giza ni uzushi wa wanasayansi, kwamba galaksi huzungushwa na mikondo ya umeme, na kwamba ukweli huo unafichwa. "Daktari, nimjibu nini?" mwalimu aliniuliza. Mimi ni mwanaisimu, si mwanafizikia. Hata hivyo, dai lolote ni sentensi, na sentensi ndiyo kazi yangu.

Tatizo linaanzia katika jina lenyewe. Kitu cha giza tunachokijua, kama vile moshi au ukuta usiku, huzuia nuru. Maada giza haiizuii wala haiitoi. Nuru hupita humo kana kwamba hamna kitu. Laiti ingaliitwa maada isiyoonekana! Neno giza likishatamkwa, msikilizaji hunusa siri, na penye siri hapakosi wa kujitokeza kuifichua.

Kilicholeta jina hilo ni vipimo. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alikuta galaksi za kundi la Coma zikienda mbio mno, hata uzito wa nyota zake usitoshe kuzizuia zisitawanyike. Katika miaka ya 1970 Vera Rubin na Kent Ford walionyesha kuwa pembezoni mwa galaksi mzunguko haupungui kasi kama ilivyotarajiwa. Kenya nayo imo katika kisa hiki. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iligundua kwamba makundi ya galaksi, Coma likiwemo, hutoa mionzi ya eksirei, ambayo asili yake ni gesi yenye joto kali mno. Hapa ndipo ningependa kijana atue kidogo. Gesi hiyo ilikuwa sehemu ya kile kilichokosekana. Ilipopimwa ikaonekana kuwa nzito kuliko nyota zote za kundi, na bado haikutosha. Watu wenye nia ya kuficha wasingaliitia katika hesabu.

Umeme nao unakwama mahali ambapo daftari halikupataja. Makundi hayo hupinda nuru ya galaksi zilizo nyuma yake, na kiasi cha kupinda hudai uzito uleule usioonekana. Nuru haina chaji. Mkondo wa umeme hauwezi kuipinda namna hiyo.

Kushuku kwenyewe si kosa. Chembe ya maada giza haijakamatwa na yeyote hadi leo. Mordehai Milgrom alipendekeza mwaka 1983 kwamba pengine kanuni za mwendo na mvutano ndizo zinazohitaji kurekebishwa. Wengi hawamkubali, lakini wanamsikiliza, maana alitoa hesabu zinazopimika, na hesabu hizo zimefaulu katika galaksi nyingi na kupwaya katika makundi.

Wazee wa Kiborana wajuao kalenda, ayyantu, wana desturi ya namna hiyo. Kalenda yao hufuata kukutana kwa mwezi na nyota maalumu, miongoni mwazo Lami, na Busan ambayo Waswahili huiita Kilimia. Mzee akisema mwezi utakutana na Busan usiku fulani, usiku huohuo kila mwenye macho humkagua.

Nikamwomba mwalimu asimkemee kijana wala asimpe alama ya sifuri, bali amtake aandike katika ukurasa wa kumi na mbili: ni kipimo gani, kikipatikana, kitakachomfanya aiache nadharia yake? Mwezi uliopita mwalimu alinipigia simu. Kijana ameandika mistari miwili, akafuta mmoja, na ameomba kitabu kinachoeleza habari za kupindwa kwa nuru.