Fahamu: Timu inapohama mji

Mwaka 2008 mji wa Seattle, Marekani, ulipoteza timu yake ya mpira wa kikapu, SuperSonics, mabingwa wa NBA wa 1979. Wamiliki wapya kutoka Oklahoma walitaka ukumbi mpya; walipoukosa, wakahamisha timu nzima hadi Oklahoma City, ikaitwa Thunder. Jina la Sonics na rangi zake zikabaki Seattle. Uchungu ulioje kwa mashabiki!

Katika soka ya Kenya, kwenye kaunti za Migori na Homa Bay, hali ni tofauti. Klabu ya Shabana ya Kisii imewahi kutumia uwanja wa Raila Odinga, Homa Bay, kama nyumbani, lakini ilibaki mali ya Wakisii.

SoNy Sugar, mabingwa wa Kenya mwaka 2006, haikuhama Awendo, Migori, kilipo kiwanda chake cha sukari. Mwaka 2019 ilifukuzwa ligini kwa kukosa mechi tatu.