Mguu wa Kushoto Kwanza

Leo tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini humnyima mtu usingizi: hofu ya kutembea katika gwaride mbele za watu.

Kila mwaka, tarehe 20 Oktoba, tunaadhimisha Siku ya Mashujaa, ambayo kabla ya Katiba ya 2010 iliitwa Siku ya Kenyatta. Mwaka 2019 sherehe ya taifa ilifanyika hapa hapa kisiwani, katika bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari. Watazamaji wa gwaride huona mistari iliyonyooka. Hawaoni matumbo yanayojikunja.

Siku chache kabla ya gwaride moja hapa Mombasa, alinijia binti wa miaka kumi na mitatu, skauti, akiongozana na bibi yake.

"Shikamoo, Kasisi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenyong'onyea?"

Bibi akamjibia. "Kasisi, huyu anataka kujifanya mgonjwa siku ya gwaride. Amewekwa mstari wa mbele, mwisho kabisa upande wa kulia. Tangu aambiwe hivyo, halali."

Nikamwuliza binti anaogopa nini hasa. Akasema, "Watu wote watanitazama mimi. Nikikosea hatua, nimekwisha."

Sikumkemea. Mimi mwenyewe, nilipokuwa na umri wake, nilivuka uwanja mzima nikipeleka mkono wa kulia pamoja na mguu wa kulia, kama ngamia. Kwa hiyo nilimketisha, nikamweleza mambo manne. Nayarudia leo, maana huenda kuna mwingine asiyelala.

La kwanza: hofu si ugonjwa. Mtu akiona jambo kubwa mbele yake, tezi zilizo juu ya mafigo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika, damu hupungua tumboni na kuelekea kwenye misuli mikubwa. Ndiyo maana tumbo hujikunja na vidole huwa baridi. Basi fikiri: mwili unajiandaa kwa nini? Kwa kwenda! Nguvu hiyo ni ya miguu. Humtesa mtu anaposubiri, na mara nyingi hupungua akishaanza kutembea. Usingoje hofu iondoke ndipo uende. Nenda nayo.

La pili: macho ya watu si mengi kama unavyodhani. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walitoa habari za jaribio lao. Waliwavika wanafunzi fulana ya kuwaaibisha, wakawaingiza chumbani penye wenzao. Waliovaa walidhani karibu nusu ya waliokuwamo wameiona ile fulana. Kumbe walioiona ni kama robo tu. Kila mtu ana mawazo yake. Mama aliye uwanjani anamtafuta mwanawe. Mwingine anatafuta kivuli.

La tatu: hofu huzoezwa kidogo kidogo. Nilimwambia avae sare yake, nasi watatu tukatoka Barabara ya Nkrumah, tukapita Treasury Square mpaka mbele ya Ngome ya Yesu, kisha tukaingia Mji wa Kale kwa njia ya Ndia Kuu. Wazee waliokaa barazani walimtazama. Mmoja akasema, "Mashallah, askari wetu," akarudi kwenye kahawa yake. Binti akacheka. Macho ya kwanza yalikuwa yamepita, naye yu mzima. Anayetembea mbele ya macho kumi leo, kesho hatashtushwa sana na elfu.

La nne ni mambo ya siku yenyewe. Usiende na njaa. Kunywa chai, ule mahamri yako, na maji usiyasahau, kwa maana joto letu la pwani halina huruma. Wengi huanguka wakiwa wamesimama, wala si wakitembea. Mtu akisimama kimya muda mrefu, magoti yamekazwa, damu hutuama miguuni na kichwani hupungua. Kwa hiyo legeza magoti kidogo, chezesha vidole ndani ya viatu, kaza na kulegeza misuli ya miguu. Hakuna atakayeona. Vuta pumzi ukihesabu mpaka nne, itoe taratibu ukihesabu mpaka sita. Kisha mguu wa kushoto kwanza, nao utue pamoja na pigo la ngoma kubwa.

Na ukipotea hatua? Usisimame, wala usirukeruke. Lete mguu wa nyuma mpaka kwenye kisigino cha mguu wa mbele, kisha mguu ule ule wa mbele uende tena. Umerudi katika hatua. Anayejua njia ya kurudi haogopi sana kupotea.

Binti alikuwa na swali moja bado. "Na tukifika mbele ya jukwaa la wakubwa, Kasisi?"

Nikamwuliza, "Amri ikitoka, wenzako watafanya nini?"

"Watageuza vichwa kulia, kuwatazama."

"Na wewe uliye mwisho wa kulia?"

Akanyamaza, kisha akatabasamu. "Mimi natazama mbele."

Naam! Aliye ncha ya kulia hageuzi kichwa, ili mstari usipinde. Nafasi aliyoiogopa kuliko zote ndiyo iliyomruhusu asiwatazame wakubwa hata kidogo. Ndugu zangu, mnamkumbuka Petro juu ya maji. Alitembea vema alipomtazama Bwana. Alipoutazama upepo ndipo alipoanza kuzama. Lakini hata alipozama, mkono ulinyoshwa ukamshika.

Siku ya gwaride nilisimama katika umati pamoja na bibi yake. Kikosi kilipita, mstari umenyooka. Baadaye nikampongeza binti kwa kutokosea hata hatua moja. Akaniangalia kwa mshangao. "Kasisi, nilipotea karibu kabisa na jukwaa! Nikarudi vile ulivyonionyesha. Hukuona?"

Sikuona. Nami nilikuwa namtazama yeye peke yake.

Basi, msikilizaji, ikiwa kesho una gwaride, au mahojiano ya kazi, au jambo lolote la kusimama mbele za watu, usilale ukiomba hofu iishe yote. Omba nguvu ya hatua ya kwanza. Hatua hiyo ikishatoka, ya pili huwa nyepesi.